Mteja akikwambia ‘nichoree kama AI’: Je, mtindo wako bado una soko?

Ulikuwa wapi mwisho wa Machi 2025? Kama ulikuwa na simu na bando kidogo, nakisia ulikuwa ukifanya walichokuwa wakifanya wengine wote: kupakia picha yako kwenye ChatGPT na kuiagiza ikugeuze katuni ya Studio Ghibli. Mimi pia nilifanya. Nilitoa picha niliyopigwa Kencom jioni moja baada ya mvua, na baada ya kusubiri kidogo nikarudishiwa kijana mwenye mashavu laini, macho makubwa na mawingu ya pamba juu ya kichwa. Nikaiweka kwenye status. Watu wakapenda sana.

Kesho yake nikaitazama tena. Matope ya Kencom hayakuwepo. Makanga aliyekuwa akining’inia mlangoni nyuma yangu alikuwa amegeuzwa abiria mtulivu. Maandishi ya ile nganya yalikuwa mikwaruzo isiyosomeka. Picha ilipendeza, lakini haikuwa Nairobi. Na nikisema ukweli, haikuwa mimi.

Kwangu ulikuwa mchezo wa wiki moja. Kwa wenzetu wanaokula kwa kalamu, wale wanaochora vitabu vya watoto, mabango ya kampeni, vibonzo vya mitandaoni na nembo za vibanda, mchezo huo haujaisha. Kama wewe ni mmoja wao, au unapanga kuwa mmoja wao ukimaliza chuo, makala hii ni yako.

‘Punguza bei, chora kama hii’

Nina rafiki yangu anayeishi Umoja. Huchora kwa mistari minene myeusi, watoto wake wana magoti makubwa na vidole vya miguu vilivyotanuka, kama watoto waliokulia pekupeku. Ukiona mchoro wake mara moja, utautambua popote.

Mwaka jana alipata kazi ya kitabu cha watoto cha kurasa 24. Akatoa bei: Sh3,000 kwa ukurasa, jumla Sh72,000. Mteja akanyamaza siku mbili, halafu akatuma WhatsApp picha nne zilizotengenezwa na AI. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: mimi nimepata hizi bure, nichoree zifanane na hizi, nitakupa Sh500 kwa ukurasa. Yaani Sh12,000 kwa kazi nzima.

Kodi ilikuwa imechelewa. Akakubali. Akafuta magoti makubwa, akalainisha mashavu, akapaka ile rangi ya machweo ambayo siku hizi imejaa kila mahali. Kitabu kikatoka. Kikapendwa hata. Lakini aliponionyesha, alikuwa na huzuni ambayo sikuielewa mara moja. Akanieleza: “Watu wananiuliza nilitumia programu gani.”

Hapo ndipo penye hasara. Sh60,000 zilizopotea ni uchungu, lakini zinahesabika. Hasara isiyohesabika ni kwamba kitabu kilichobeba miezi miwili ya maisha yake hakikumletea hata mteja mmoja mpya, kwa sababu hakuna aliyeona mkono wake ndani yake. Alikuwa amefanya kazi kwa bidii kujifanya asionekane.

Mtindo ni nini hasa?

Tusichanganye mambo. Wengi wetu tukisikia neno mtindo tunafikiria unene wa mstari, aina ya rangi au jinsi unavyochora macho. Hayo ni mavazi tu. Mtindo unaodumu ni jinsi unavyotazama: unachokiona ambacho wengine wamekipita, unachokicheka, unachokikuza na unachokiacha nje ya fremu.

Waulize wazazi wako kuhusu Juha Kalulu. Edward Gitau alimchora jamaa huyo katika kurasa za Taifa Leo kwa miongo kadhaa, na hakumpamba awe kama katuni za Marekani zilizokuwa zikiingia nchini. Paul Kelemba, tunayemjua kama Maddo, alijaza ukurasa wake wa Madd Madd World vituko vidogo vidogo vya barabarani na mitaani ambavyo wewe na mimi tunavipita kila siku bila kuviona. Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kuwa nyumbani hadi alipofariki katika ajali ya matatu mwaka wa 2012, alituundia Akokhan, hadithi ya mashujaa wenye nguvu za ajabu zilizotoka Afrika, wakati vijana wengi waliamini shujaa lazima avae nguo za kubana na kuruka juu ya maghorofa ya New York.

Halafu kuna Gado. Godfrey Mwampembwa alizaliwa Dar es Salaam, akaja Nairobi mwanzoni mwa miaka ya tisini, na tangu hapo hakuna rais wa eneo hili aliyesalimika. Enzi za kesi za ICC aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiburuta minyororo yenye tufe zito la chuma miguuni. Tufe hilo lilirudi tena na tena, hata pale habari ya siku ilipokuwa ya jambo lingine kabisa. Fikiria kidogo juu ya hilo. Kuchora tufe la chuma si kazi ngumu, mtoto wa darasa la tano anaweza. Lakini uamuzi wa kulibakiza pale, siku baada ya siku, ili msomaji asisahau, ulikuwa wa Gado. Huo ndio mtindo. Huwezi kuuagiza kwa sentensi moja kwenye programu, kwa sababu programu haijui ni nini wewe unakataa kusahau.

Na hao Ghibli wenyewe tunaowaiga, wanafanya kazi vipi? Studio hiyo ya Japani ilianzishwa mwaka wa 1985. Katika filamu yao ya 2013, The Wind Rises, kuna tukio la umati wa watu lenye urefu wa sekunde nne tu. Mchoraji Eiji Yamamori alilifanyia kazi kwa mwaka mmoja na miezi mitatu. Sekunde nne! Mwaka wa 2016, mwanzilishi mwenza Hayao Miyazaki alionyeshwa mfano wa katuni iliyosogezwa na AI, kiumbe kikitambaa kwa kichwa. Mbele ya kamera alisema wazi kwamba imemchukiza na hatawahi kuitaka katika kazi yake. Miaka tisa baadaye, dunia nzima ikawa inavaa mtindo wake kama fulana ya mtumba.

Wasemavyo wahenga, mwiga tembo hupasuka msamba. Shida ya kuiga Ghibli si kwamba Ghibli ni mbaya. Ni kwamba wao walifika pale kwa kutazama upepo, nyasi na watu wa kwao kwa miaka arobaini. Wewe ukichukua matokeo bila kutazama, unabaki na rangi ya machweo ya nchi ambayo hujawahi kukanyaga.

Kivuli kilichotikisa nchi

Kuna wanaosema kwamba mazungumzo haya ya mtindo ni anasa ya watu wenye nafasi. Basi tumkumbuke Kibet Bull.

Baada ya maandamano ya Juni 2024, kijana huyu alijulikana kwenye mtandao wa X kwa michoro ya vivuli. Hakuchora pua wala macho wala kola ya shati. Alichora umbo jeusi tu, na kila Mkenya akalijua ni la nani na linadhihaki nini. Desemba 2024 alitekwa, na kakake pia akatoweka. Polisi walikana kuhusika. Nchi ikapaza sauti, watu wakaandamana, na Januari 2025 wakaachiliwa wakiwa hai.

Ninachotaka ukitazame hapa ni nguvu ya mchoro wenyewe. Wakati ule mitandao ilijaa picha za AI za kila aina kuhusu viongozi, nyingine zikiwa na maelezo mengi kama sinema. Lakini zilizokaa akilini mwa watu kama kazi ya mtu mmoja ni vile vivuli. Kijana mwenye rangi moja tu, nyeusi, alikuwa na mtindo ambao haungeweza kuchanganywa na wa mwingine. Kutambulika kulimweka hatarini, na tusijifanye haikuwa hivyo. Lakini kutambulika huko huko kulifanya watu wajue ni nani aliyepotea na wamdai kwa jina.

Sisemi kila mchoraji achore siasa. Nasema kwamba mtindo si pambo. Ni sahihi yako iliyotandazwa ukurasa mzima.

Sheria haikulindi unavyodhani

Sasa tufike penye uchungu. Ukimuuliza mchoraji chipukizi kama mtindo wake unalindwa na sheria, mara nyingi atakwambia ndiyo, kuna hakimiliki. Jibu sahihi ni hapana.

Hakimiliki hulinda mchoro, si namna ya kuchora. Mtu akinakili picha yako ya mama mboga akaichapisha kwenye fulana bila ruhusa, una kesi. Lakini mtu akichora mama mboga wake mwenyewe, kwa mistari minene kama yako, magoti makubwa kama yako, sheria inamwacha aendelee. Ndivyo ilivyo Kenya na ndivyo ilivyo karibu kila nchi. Na kuna sababu nzuri: kama mtindo ungekuwa mali ya mtu mmoja, nusu ya wachoraji wa Kenya wangekuwa na deni kwa waliowatangulia.

Linalotisha zaidi ni jambo ambalo wengi wetu hatukulisoma. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Soma tena polepole. Ukipigiwa simu leo, ukachora, ukatumiwa pesa kwa M-Pesa na mambo yakaishia hapo, huenda mchoro ule si wako tena. Mteja anaweza kuuchapisha upya, kuuza kalenda, kutengeneza katuni ya runinga, na wewe usipate hata senti.

Sheria hiyo hiyo inakuachia kitu kimoja hata baada ya kuhamisha hakimiliki: haki ya kutajwa kuwa ndiwe uliyechora, na haki ya kupinga mchoro wako ukiharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima. Lakini nani ataidai kama hakuna maandishi?

Kwa hivyo dawa si wakili wa bei ghali. Dawa ni sentensi moja au mbili kabla hujagusa kalamu. Waweza kuandika hivi kwenye baruapepe: “Nitakuchorea picha sita za kitabu hiki. Malipo haya ni ya kutumia picha hizi katika toleo la kwanza la kitabu pekee. Hakimiliki inabaki yangu, na jina langu litatajwa. Picha hizi hazitatumika kufunza programu ya AI.” Mteja akijibu “sawa” kwa maandishi, tayari mna makubaliano ya kuonyesha. Mkiyatia sahihi nyote wawili ni bora zaidi.

Kusajili kazi yako kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki, si lazima ili ilindwe. Mchoro unalindwa pindi tu unapouweka kwenye karatasi au faili, na ulinzi huo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini cheti husaidia sana siku ya mabishano.

Kesi zinazoendelea ng’ambo

Huenda unajiuliza: hizi kampuni za AI zilipata wapi ruhusa ya kujifunza kutoka kwa michoro ya watu? Hilo ndilo swali lililo mahakamani.

Januari 2023, wachoraji watatu, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, walizishtaki Stability AI, Midjourney na DeviantArt nchini Marekani wakidai kazi za wasanii zilitumika kufunza programu bila idhini wala malipo. Agosti 2024 jaji aliruhusu madai yao makuu ya hakimiliki yaendelee. Juni 2025, Disney na Universal nao wakaishtaki Midjourney. Tazama kejeli yake: wachoraji watatu wa kawaida walifika mahakamani zaidi ya miaka miwili kabla ya kampuni zenye mabilioni.

Kuna pia uamuzi wa Machi 2025 wa mahakama ya rufaa ya Washington katika kesi ya Stephen Thaler, ambao ulisema kazi iliyoundwa na mashine pekee, bila mtunzi binadamu, haiwezi kupewa hakimiliki chini ya sheria ya Marekani. Hapo pana jambo la kumwambia mteja wako. Kampuni ikitengeneza kikaragosi cha bidhaa zake kwa AI pekee, huko Marekani mshindani anaweza kukichukua na huenda isiwe na la kumfanya. Ikimlipa binadamu achore, ina kitu cha kumiliki. Kwa mteja mwenye ndoto ya kuuza nje, hiyo si hoja ya huruma. Ni hoja ya biashara.

Hapa nyumbani, wiki ile ile ya wimbi la Ghibli, serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa AI wa 2025 hadi 2030. Lakini mkakati si sheria. Hautamzuia mtu kuchukua michoro yako 30 kutoka Instagram na kuifunza programu iige mkono wako. Kuna programu ya bure inayoitwa Glaze, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 2023, inayobadilisha picha kidogo sana kiasi kwamba jicho halioni lakini AI inachanganyikiwa inapojaribu kujifunza mtindo wako. Itumie, lakini usilale. Si kinga kamili, na watafiti wengine wameshaonyesha njia za kuikwepa.

‘Mtindo haulipi kodi’

Najua unachofikiria. Unasema, hayo yote sawa, lakini landilodi hataki kusikia habari za Gado. Mkono mtupu haulambwi. Na uko sahihi.

Hapa ndipo ushauri mwingi wa mitandaoni hupotosha vijana. Utaambiwa usikubali kazi yoyote isiyo ya mtindo wako, ushikilie msimamo, pesa zitakuja. Anayesema hivyo aghalabu ana mshahara mahali. Mchoraji anayeanza atapaka rangi ukuta wa kinyozi, atachora kuku kwenye kibanda cha chipsi, atatengeneza kadi za harusi zenye maua ya kila mwaka. Hakuna aibu. Kazi ni kazi.

Kosa ni kuchanganya mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni ufundi wako, na huo unaweza kukodishwa. Mteja akitaka maua, mpe maua safi, kwa wakati na kwa bei inayoeleweka. Mfuko wa pili ni jina lako. Huo hauingizwi kila kitu. Kazi unazoweka kwenye ukurasa wako, zile unazotaka watu wakukumbuke kwazo, ziwe za mkono wako. Ukionyesha maua utaitiwa maua. Ukionyesha Ghibli utaitiwa Ghibli kwa Sh500, hadi siku mteja atakapogundua kwamba hata hizo Sh500 anaweza kubaki nazo.

Hilo la mwisho lizingatie. Katika kuiga AI, huwezi kushinda kwa bei wala kwa kasi. Mashine haili, hailipi stima, hailali. Mahali pekee ambapo mteja ana sababu ya kukulipa zaidi ni pale ambapo unampa kitu ambacho hawezi kukipata kwingine. Kwa hivyo kushikilia mtindo si ukaidi wa msanii. Kwa wengi wetu, ndiyo hesabu pekee inayobaki.

Lakini mtindo pia usiwe jela

Kuna upande wa pili ambao sitaki kuuruka. Kuna vijana wanaojificha nyuma ya neno “mtindo wangu” ili wasijifunze. Hawezi kuchora mkono, anasema ni mtindo. Hajui umbali na ukubwa wa vitu, anasema ni mtindo. Hapana, ndugu yangu. Hapo ni uvivu.

Kuiga ili ujifunze ni jambo jema na la kale. Tazama Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka rangi zake za kung’aa juu ya mbao nyepesi jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini. Alifariki mwaka wa 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Jamaa na wanafunzi wake wakaendeleza, hadi jina lake likawa jina la mtindo mzima. Watoto wengi walikutana nao kupitia katuni za Tinga Tinga Tales, ambazo zilitengenezwa hapa Nairobi.

Hadithi hiyo ina funzo mara mbili. La kwanza, mtindo unaweza kuwa mali ya kundi na bado ukawa wa kweli, mradi waliomo wamekaa chini ya mwalimu na wanajua wanachokirithi. La pili, mtindo ukishageuka kuwa bidhaa ya watalii, twiga yule yule na mbuyu ule ule katika kila duka, anayefaidi si mchoraji. Wachoraji wa Tingatinga wanaoheshimika leo ni wale walioingiza mambo yao ndani yake: hospitali, daladala, harusi, misukosuko ya mtaa. Walikubali kurithi, wakakataa kurudufu.

Basi badilika. Mstari wako wa leo usifanane na wa miaka mitano ijayo. Lakini ubadilike kwa sababu umeona kitu kipya, si kwa sababu wiki hii watu wote wanavaa kitu kimoja.

Fanya haya wiki hii

Kwanza, toka nje na kitabu cha kuchorea. Kaa stejini nusu saa, au Gikomba, au kwenye benchi la hospitali. Chora watu kumi. Usipige picha. Utashangaa ni vitu gani mkono wako unavikimbilia wenyewe. Hivyo ndivyo vyako.

Pili, tandaza michoro yako 20 ya hivi karibuni sakafuni au kwenye skrini moja. Ondoa ile ambayo mtu mwingine angeweza kuichora. Zitakazobaki, hata zikiwa tatu, ndizo mwanzo wa mkusanyiko wako wa kumwonyesha mteja.

Tatu, andika yale makubaliano mafupi niliyokupa hapo juu na uyahifadhi kwenye simu. Kila kazi mpya, tuma kabla ya kuanza. Omba nusu ya malipo mapema. Mteja akikataa vyote viwili, amekuonyesha mapema atakavyokufanyia mwishoni.

Nne, weka faili zako za awali: michoro ya penseli, matoleo mabovu, tarehe. Siku hizi mteja anaweza kukushuku kwamba ulitumia AI hata kama hukuitumia. Mchakato wako ndio ushahidi wako.

Tano, tafuta wenzako. Wachoraji wawili wakikataa Sh500, mteja atampata wa tatu. Wakikataa kumi wanaojuana, bei huanza kupanda. Makanga wa laini moja huelewa jambo hili kuliko sisi wasomi.

Na yule rafiki yangu wa Umoja? Mwaka huu aliletewa sehemu ya pili ya kile kitabu, kwa bei ile ile, rangi ile ile ya machweo. Alikataa. Alinipigia simu usiku huo akitetemeka, akiniuliza kama amefanya ujinga. Sikujua la kumwambia, kwa sababu kodi haikuwa imelipwa.

Wiki tatu baadaye, mwalimu mmoja wa chekechea aliona mchoro wake wa zamani, wa watoto wanaoruka kamba, magoti yao yakiwa makubwa kama maembe. Akamwagiza amchoree ukuta wa darasa. Malipo hayakuwa makubwa, yalilipa mwezi mmoja na kidogo. Lakini alinisimulia jambo moja nikacheka. Alipokuwa akipaka rangi, mtoto mmoja alisimama nyuma yake, akatazama ukuta, akatazama miguu yake mwenyewe, kisha akasema, “Huyu ni mimi.”

Mwezi huu bado anatafuta kodi. Ukuta umebaki pale, na pembeni chini kuna jina lake na namba ya simu.